Ribeiro au Yokochi: nani mwogeleaji bora wa Ureno?

Mwanaforodhani: Wadau, naombeni msaada. Kaka yangu anashikilia kwamba Wareno hawana kitu zaidi ya mpira. Nikamtajia Diogo Ribeiro, dhahabu mbili mashindano ya dunia Doha, Februari 2024: mita 50 mtindo wa kipepeo (butterfly) kwa sekunde 22.97, na mita 100 kwa 51.17. Mzee akatusikia, akasema kijana huyo bado hajamfikia Alexandre Yokochi. Nilinganishieni.

Bi Mkasi: Mzee anajua anachosema, mfikishie shikamoo yangu. Yokochi, ambaye baba yake alikuwa kocha kutoka Japani, aliingia fainali ya mita 200 mtindo wa chura (breaststroke) Olimpiki ya Los Angeles 1984 akamaliza wa saba. Mwaka uliofuata akachukua medali ya fedha ya mashindano ya Ulaya kule Sofia. Ribeiro alikwenda Paris 2024 ni bingwa wa dunia, na hakuogelea fainali hata moja. Kwangu Olimpiki ndiyo mizani.

Kasi50: Bi Mkasi, hapo umemwonea. Mita 50 kipepeo, mbio zake hasa, hazikuwamo Paris! Zimeingizwa kwa Los Angeles 2028. Na wanaosema Doha vigogo wengi hawakwenda, kweli hawakwenda, ila watazame Fukuoka 2023. Vigogo walikuwepo, Ribeiro akashika fedha kwa 22.80 nyuma ya Mwitalia Thomas Ceccon. Hiyo ndiyo medali ya kwanza ya Ureno bwawani kwenye mashindano ya dunia, na alikuwa na miaka 18. Tena miaka miwili tu kabla alikuwa ameumia vibaya kwa ajali ya pikipiki.

Kocha Bwawani: Nafundisha watoto kuogelea, niongeze la kiufundi. Kipepeo lazima uguse ukuta kwa mikono yote miwili kwa pamoja. Ukifika mikono ikiwa bado hewani, huna nafasi ya kuvuta tena. Ukiwahi kuinyoosha, unateleza huku mwenzako anavuta. Doha Ribeiro alimzidi Michael Andrew wa Marekani kwa sekunde 0.10 tu. Vijana wangu nawaonyesha mguso ule, narudisha video mpaka wanachoka. Mita 200 chura ni kazi nyingine: unagawa pumzi kwa zaidi ya dakika mbili, ukikosea mita 50 za kwanza utalipa mwishoni. Kwa mafanikio nampa Ribeiro. Ila Yokochi alifika alipofika bila Mreno yeyote kumtangulia, na hilo linanigusa sana.

Bi Mkasi: Kocha, la mguso sikulijua, ahsante. Dhahabu za dunia nampa Ribeiro. Fainali ya Olimpiki bado ni ya Yokochi.

Mwanaforodhani: Nimemsomea mzee yote. Kasema 2028 nikeshe naye kuangalia hiyo mita 50.