Vyanzo vya mtandaoni vya somo la Historia: TIE, UNESCO, archive.org au nyaraka za Wajerumani?

Chaki_Nyeupe
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Historia ya Tanzania na Maadili kidato cha pili, shule ya kata. Tangu mtaala mpya uanze Januari 2024 somo hili linafundishwa kwa Kiswahili, jambo ambalo binafsi nalipenda. Shida ni kwamba kila nikiingia mtandaoni kutafuta cha kuongezea kwenye kitabu cha kiada nakuta Kiingereza kitupu, au blogu zilizonakiliana mpaka makosa ya herufi.

Nina simu, laptopu ya zamani na projekta ya kuazimana na ofisi ya taaluma. Bando nanunua mwenyewe. Mada zilizo mbele yangu ni miji ya pwani, hasa Kilwa, na Vita vya Maji Maji. Nimetajiwa Maktaba Mtandao ya TIE (Taasisi ya Elimu Tanzania), Historia ya Afrika ya UNESCO, archive.org, JSTOR na Wikipedia ya Kiswahili. Nianze na ipi, na ipi ni kumaliza MB bure? Naomba wajibu waliotumia, sio waliosikia.

Bibi_Rafu
Mwalimu, TIE usiiache, vitabu vya kiada vipo bure na mwanafunzi anapimwa kwa muhtasari uleule. Ila humo hupati cha kuwashangaza darasani, kwa sababu wanacho tayari mkononi.

UNESCO ni majuzuu 8 ya awali, mradi ulioanza 1964, na yote yanapakuliwa bure. Kwa mada zako yanatosha mawili: la 4 (karne ya 12 hadi ya 16) na la 7 (1880 hadi 1935, mhariri Adu Boahen). Usijaribu yote nane kwa bando la mwalimu. Mimi niliyashusha usiku kwa Wi-Fi ya kazini, nikayatia kwenye flashi, na flashi yenyewe mpaka leo sijui iko kwa nani. Ubaya wake ni mmoja: kimeandikwa na wanazuoni kwa ajili ya wanazuoni. Msomee mtoto wa kidato cha pili aya mbili, ya tatu anasinzia. Kisome wewe, kisha uwasimulie.

JSTOR, hazina ya makala za kitaaluma, ukijisajili bure unasoma hadi makala 100 kwa mwezi kwenye skrini, kupakua ndiyo hawakuruhusu. Inafaa kwa anayesoma shahada. Kwa andalio la somo la dakika 40, hapana.

Mchanga_wa_Songo
Kwa Kilwa usihangaike na vitu kumi. Chukua viwili.

Cha kwanza ni Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa 1331. Tafsiri ya Kiingereza ya Gibb, iliyofupishwa, ipo kwenye mkusanyo wa vyanzo vya historia wa Chuo Kikuu cha Fordham. Ni maandishi tu, hayana picha wala matangazo, yanafunguka hata mtandao ukiwa umechoka. Cha pili ni Zamani Project ya Chuo Kikuu cha Cape Town. Hao wamepima magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwa leza, unaona jengo kwa pande zote.

Sasa uhondo uko hapa. Ibn Battuta anasema Kilwa ni mji mzuri, na majengo yake yote ni ya mbao. Yote! Baada ya kusoma mstari huo nikawasha projekta, nikaweka Msikiti Mkuu na kasri la Husuni Kubwa: mawe ya matumbawe na chokaa, kuba juu. Na Husuni Kubwa inahusishwa na sultani yuleyule aliyekuwa akitawala mgeni alipofika, al-Hasan bin Sulaiman. Nikawauliza, nani muongo hapa?

Nilikaa kwenye dawati la nyuma robo saa nzima wakibishana. Mmoja akasema mgeni huona mtaa aliolala tu. Mwingine akauliza aliandika lini. Nikamwambia safari alimsimulia mwandishi Ibn Juzayy huko Morocco, kazi ikakamilika 1355, zaidi ya miaka ishirini baadaye. Darasa likacheka, "Mwalimu, hata wewe ya juzi unasahau." Kisha mtoto wa fundi ujenzi akasema hata kwao nyumba ya mawe ni moja, za miti na udongo zimeizunguka, kwa hiyo labda mzee aliona nyingi akasema zote. Sikuongeza neno.

Kitabu cha kiada hakikuwahi kunipa kipindi kama hicho.

Kidato_Digital
Samahani wakubwa, mimi mwanafunzi. Kwa nini msiulize akili mnemba tu? Inajibu kwa Kiswahili, na bando halitumiki sana.

Bibi_Rafu
Mwanangu, nilikuwa na wazo hilohilo. Mwaka jana kijana aliniletea insha ya Maji Maji, ndani yake kuna kitabu kimetajwa: jina, mwandishi, mwaka, mpaka ukurasa. Nilikitafuta mchana kutwa, kwenye katalogi ya maktaba yetu na za wenzetu. Hakuna kitabu kama hicho duniani. Ilikuwa imetungwa na programu, naye akainakili kwa mwandiko mzuri kabisa. Itumie kukueleza neno gumu. Usiitumie kama shahidi.

Wikipedia ya Kiswahili angalau unashuka chini ya ukurasa ukaona imetoa wapi habari, na kama hakuna kitu chini, umeshajua pa kuipima. Mwalimu, tafuta programu ya Kiwix: unaishusha Wikipedia mara moja, kisha wanafunzi wanaisoma bila intaneti.

Pwani_Tamu
Salamu kutoka Mombasa. Mmeisahau Lamu jamani. Kuna mpango wa British Library wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini. Ndani yake mna picha za miswada ya Msikiti wa Riyadha, ukurasa kwa ukurasa, kwa hati za Kiarabu. Wanafunzi wangu huja wakiamini kwamba kabla ya mzungu hapakuwa na mtu wa kuandika huku. Nawaonyesha ukurasa mmoja tu, hata bila kuusoma.

Tahadhari: Oktoba 2023 maktaba hiyo ilivamiwa kimtandao na huduma zake nyingi zikazima kwa muda mrefu. Kwa hivyo ukipata unachokitaka, kihifadhi siku hiyohiyo.

Mtu_wa_Baridi
Mimi nipo Ujerumani, niseme kuhusu Maji Maji. Huku vitu ni vingi mno, na kwa darasa lako vingi havitakusaidia.

Archive.org, maktaba ya bure ya mtandaoni, ina kitabu cha Gavana von Götzen cha 1909, yeye mwenyewe akisimulia vita alivyoviongoza. Kiko kwa Kijerumani, na ukifungua toleo la maandishi tu kompyuta imeshachanganya herufi, ni vurugu. Nyaraka za wizara ya makoloni zipo Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, fungu R 1001, zimepigwa picha na ni bure. Lakini nyingi ni mwandiko wa mkono wa kale. Wajerumani wenyewe wa leo hawausomi, mimi imenichukua miezi kuuzoea.

Kinachofaa ni picha. Chuo Kikuu cha Frankfurt kina hifadhi kubwa ya picha za makoloni. Angalia maelezo chini ya picha: mara nyingi mzungu ana jina na cheo, Mwafrika ni "askari" au "mpagazi". Waulize watoto kwa nini.

Ila usimwache Götzen aseme peke yake. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kukusanya masimulizi ya wazee, na wanahistoria Gwassa na Iliffe nao walichapisha kijitabu chao cha kumbukumbu za vita hivyo. Huko ndiko unakokutana na Wamatumbi wa Nandete waking'oa pamba Julai 1905. Kwa hesabu za vifo, serikali ya Kijerumani ilisema 75,000. Gwassa alikadiria 250,000 hadi 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Weka namba hizo mbili ubaoni bila maelezo, uone.

Chaki_Nyeupe
Nimewaelewa. JSTOR na R 1001 naziacha. Juzuu la 7 nitaomba Wi-Fi kwa afisa mmoja wa halmashauri ninayefahamiana naye. Ya Fordham nimeifungua sasa hivi nikiwa chini ya mwembe wa nyumba za walimu, imefunguka. Husuni Kubwa imegoma, nitaipata mjini Jumamosi.

Leo usiku natafsiri kile kipande cha Kilwa, mistari kumi hivi, niwachapie. Kuna pahali Gibb anasifia ujenzi wa mji, papo hapo anasema mbao tupu. Niandike mji "uliojengwa vizuri" au "uliojengwa imara"?

Mchanga_wa_Songo
Weka "imara". Mtoto wa fundi hakosekani hata darasani kwako.