Wakongwe wa besiboli Marekani: bado mnaangalia?

MzeeWaColiseum:
Wakuu, salaam. Mimi mtu wa Tanga, niko Oakland tangu mwaka wa lile tetemeko la 1989. Wa zamani mnakumbuka: World Series, fainali ya besiboli, A's (Athletics) yetu ya Oakland na Giants ya San Francisco, mechi ya tatu haijaanza ardhi ikatikisika. Wakati huo besiboli sikuijua hata chembe. Jamaa mmoja wa kazini, mzaliwa wa East Oakland, ndiye aliyenikalisha akanifundisha kuandika mechi kwa penseli: K ni mpigaji aliyetolewa kwa kukosa mara tatu, K iliyogeuzwa ni yule aliyetolewa amesimama anautazama tu mpira ukipita. Toka hapo nikawa mgonjwa.

Uwanja wetu wa Coliseum ulikuwa mbovu, asije mtu akanidanganya. 2013 majitaka yalifurika hadi vyumba vya wachezaji. Kabla ya hapo, 1996, walipandisha jukwaa la saruji kwa ajili ya Raiders, timu ya futiboli ya Kimarekani, likatuzibia vilima; tukaliita Mlima Davis kwa jina la Al Davis, mwenye Raiders. Lakini ulikuwa unashuka treni ya BART, unavuka daraja, unaingia. Upande wa kulia kuna wapiga ngoma. Unakuta dereva wa lori, mwalimu, bibi na wajukuu, wote wanamsema mrushaji kama mtoto wao.

Sasa hakuna. 26 Septemba 2024 tulijaa watu 46,889, tukaishinda Texas Rangers 3-2, ukawa mwisho. Timu inacheza Sacramento, kwenye kiwanja cha ligi ndogo, hata jina la mji haina, inaitwa Athletics basi, ikisubiri Las Vegas. Nevada imekubali kutoa hadi dola milioni 380 za umma. Na msiniambie hatukuwa tukienda uwanjani. 13 Juni 2023 mashabiki wenyewe tulipeana habari, tukafika 27,759, fulana za kijani zimeandikwa SELL ili mwenye timu, John Fisher, aiuze. Novemba mwaka huo huo wenye timu zote za ligi wakapiga kura, zote 30 zikasema ihame. Hata mmoja hakusita!

Swali langu: ninyi mlioanza zamani bado mnaangalia? Mnamshangilia nani? Maana hata kwenye TV ni kuchanganyikiwa: Ijumaa mechi ziko huku, Jumapili kule, na ukilipia kifurushi cha ligi nzima, timu ya karibu na kwako ndiyo wameifunga usiione.

Kipanga_Seattle:
Shikamoo mzee. Pole ya Oakland, ile iliuma hata sisi wa mbali. Ila mimi nimeanza kuangalia juzi juzi na naona mchezo umekuwa bora. Ile saa ya mrushaji ya 2023, inayomhesabia sekunde za kurusha mpira, imeondoa mambo ya mtu kurekebisha glovu dakika nzima. Mechi zilikuwa zinachukua zaidi ya saa tatu nzima, muda ukashuka hadi kama saa mbili na dakika 40.

Na watu wakilalamikia pesa huwa wanawatupia wachezaji, kama Juan Soto na mkataba wake wa dola milioni 765 na timu ya Mets. Kabla ya 1975 klabu ilikuwa inammiliki mchezaji mpaka itakapomchoka. Mlikuwa mnaipenda besiboli hiyo?

DadaWaKC:
Marahaba hazinihusu, lakini naingia. Mzee wangu, nakupa pole kwa moyo mmoja, kisha nikukumbushe: hiyo A's ilikuwa yetu huku Kansas City mpaka 1967. Na sisi tuliipata 1955 ikitokea Philadelphia. Wazee wa huku wapo ambao hadi leo hawataki kusikia jina la Charlie Finley, mwenye timu aliyeihamisha. Mlichonyang'anywa ndicho mlichopewa.

Tofauti ni kwamba siku hizi wanataka uhamaji wao ulipiwe na wewe. Hapa Jackson County walileta kodi ya mauzo kwa ajili ya uwanja mpya wa Royals, timu yetu ya sasa. 2 Aprili 2024 tukapiga kura, asilimia 58 wakakataa. Mimi ninaipenda Royals, nina kofia ya ubingwa wa 2015. Nilikataa pia.

MzeeWaColiseum:
@Kipanga_Seattle marahaba mwanangu. Saa ya mrushaji sina ugomvi nayo, mimi nawahi kulala. Pesa ya mchezaji pia sina ugomvi nayo; mrushaji Catfish Hunter alikuwa wa kwetu, na alipata uhuru wake wa kuchagua klabu 1974 kwa sababu Finley huyo huyo hakutimiza mkataba. Ninachokataa ni nembo ya tangazo kwenye mkono wa jezi, na yule mkimbiaji wa bure wanayemweka kituo cha pili muda wa nyongeza ili watu waende nyumbani. Halafu kamari. Mwaka nilioingia nchi hii Pete Rose, nyota wa besiboli, alifungiwa maisha kwa kubeti. Leo katikati ya mechi wananiuliza mimi kama nataka kubeti! 2024 wakamfungia mchezaji kijana Marcano maisha kwa kosa hilo hilo, tangazo linalofuata likawa la kampuni ya kubeti.

@DadaWaKC hilo la 1967 nalijua, na ndilo linaloniuma zaidi. Wenye timu walishajifunza kwenu kwamba tutalia halafu tutanunua kofia nyingine.

Jirani_WestOakland:
Mzee, mbona unaomboleza na mpira uko mtaani? Kuna timu ya Oakland Ballers, kiwanja cha Raimondi Park. Ilianza 2024 A's wakiwa bado wanafunga mizigo, mashabiki wameuziwa hisa, na 2025 ilichukua ubingwa wa ligi yake ndogo, Pioneer League. Wachezaji ni vijana ambao ligi kubwa haikuwataka, makosa uwanjani yapo mengi, na ndiyo raha yenyewe. Unashuka BART ya West Oakland, kisha gari kidogo.

Nisikufiche: nao ni biashara. 2025 waliacha programu ya kompyuta iamue mambo ya kocha kwenye mechi moja, kama maonyesho. Mashabiki waliwasema vibaya sana.

MzeeWaColiseum:
Kompyuta kocha? Na waliwasema, wakasikia? Maana kwetu tulisema mpaka sauti zikakauka. Msimu wao unaanza Mei, sivyo? Niwekee nafasi upande wenye kivuli, mgongo wangu hautaki jua.

Jirani_WestOakland:
Naam, Mei. Kivuli hakuna, njoo na kofia. Ya kijani inaruhusiwa.