Taarifa ya hali ya wanyama ni ya mwaka jana iliyobadilishwa tarehe, na sisi tumeingia porini nayo

Ndugu wanajukwaa,

Nimeisoma mara tatu taarifa ya msimu huu ya ukanda tunaowinda, kisha nikaiweka kando ya ile ya mwaka jana, na ninaandika nikiwa na hasira ambayo sioni sababu ya kuificha. Aya ya malisho ni ileile. Aya ya maji ni ileile. Hata neno "malihso", ambalo mwaka jana mwandishi alikosea herufi zake, limerudi likiwa na kosa lilelile. Kilichobadilika ni tarehe iliyo juu ya ukurasa, na kwa kuiamini tarehe hiyo watu wamejaza mafuta, wamefunga mahema na kuingia porini wakidhani wanajua wanakokwenda.

Mimi ni mmoja wao. Taarifa ilisema kwamba bwawa la upande wa mashariki lina maji ya kutosha na kwamba nyati wanashuka kunywa jioni na alfajiri. Tulifika baada ya mwendo wa kutwa nzima, tukakuta tope limekauka na kupasuka nyufa ambazo kiganja kinazama ndani yake. Nyayo za nyati zilikuwapo, lakini zilikuwa zimekauka humo kama chungu kilichochomwa, na ndani ya mojawapo buibui alikuwa ameshatanda utando wake. Pofu, yule swala mkubwa, anaweza kukaa siku nyingi bila kuyafuata maji, kwa kuwa mengi anayapata kwenye majani anayokula. Nyati hana uwezo huo, hunywa kila siku, na bwawa likikauka yeye huhama. Kwa hiyo aliyeandika kwamba nyati wapo pale hakuhitaji helikopta wala darubini ili aseme kweli. Alihitaji kwenda kuliangalia bwawa.

Na asitokee mtu wa kuniambia kwamba hasara hiyo ni ya mwindaji peke yake. Watu walipokosa wanyama mashariki, wote walihamia kwenye dimbwi moja lililobaki kusini, na kwa siku nne mfululizo wanyama waliokuwa wamekwisha kudhoofika kwa kiu walifukuzwa kwenye maji na ngurumo za magari na harufu za watu. Nilimwona jike la nyati lenye mbavu za kuhesabika, ndama wake nyuma yake, limesimama ukingoni mwa kichaka likinusa upepo, lisithubutu kutoka. Nilitoa risasi kwenye bunduki, nikawaambia wenzangu tuondoke. Ofisi iliyokuwa na taarifa sahihi ingetutawanya mapema, au ingelifunga eneo lile kabisa, au ingepunguza mgawo wa msimu, yaani idadi ya wanyama tunaoruhusiwa kuwinda, na wanyama wale wangekunywa.

Ninajua kwamba kuhesabu wanyama ni kazi ngumu, wala sidai miujiza. Anayehesabu kutoka angani huwakosa waliojificha chini ya miti iliyofungamana, na anayehesabu kwa miguu huwakosa walioweka kilima kati yake na wao. Nyasi zikiwa ndefu baada ya mvua nyingi, kundi zima linaweza kulala hatua mia kutoka kwako usilione. Ndiyo maana hesabu ya kweli hutaja siku iliyofanyika, njia iliyotumika na sehemu ambazo hazikufikiwa. Taarifa yetu inasema "hali ya wanyama ni ya kuridhisha", ikaishia hapo. Imemridhisha nani, lini, akiwa amesimama wapi?

Wala mwaka mmoja si muda mfupi kwa mnyama. Mwezi Mei 2015, nchini Kazakhstan, swala wa jamii ya saiga zaidi ya 200,000 walikufa katika muda wa takriban wiki tatu, baada ya bakteria ambao kwa kawaida huishi mwilini mwao bila kuwadhuru kugeuka kuwa sumu katika siku za joto na unyevu usio wa kawaida. Mtu ambaye angewaandikia wawindaji wa huko kwa kunakili ya mwaka uliotangulia angewaeleza habari za makundi ambayo yalikuwa mifupa.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba hakuna hata sentensi moja inayohusu magonjwa. Msimu wa kiangazi kikali nyasi huisha, wanyama wakala karibu kabisa na udongo, na huo ndio udongo ambamo viini vya kimeta vinaweza kukaa miaka mingi vikisubiri. Oktoba 2017, huko Bwabwata nchini Namibia, viboko zaidi ya 100 walikufa katika mlipuko uliohusishwa na kimeta. Mwindaji anayekuta mzoga unaotoka damu nyeusi isiyoganda puani hapaswi kuuchuna wala kuupasua, kwa sababu viini vikipata hewa ndipo vinapojitengenezea ganda la kudumu. Hili ni jambo la kuokoa maisha ya watu, na lingechukua mistari miwili tu.

Sisi tunatimiza wajibu wetu. Kila msimu tunarudisha fomu za wanyama waliopatikana, tunapeleka taya za chini ili umri ujulikane kwa kulika kwa meno, tunaandika mahali na saa. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo kwa miaka tisa, na sijawahi kuona hata chembe ya taarifa hizo ikirudi kwetu.

Nimeiandikia ofisi husika barua mbili nikitaka taarifa hii iondolewe na iandikwe upya, kila chanzo cha maji kikiwa na tarehe ya kukaguliwa, na mizoga yote iliyoonekana ikitajwa pamoja na mahali ilipokutwa. Hakuna aliyejibu. Nimeambatanisha picha za bwawa na kurasa zote mbili. Mwenye nakala ya msimu wa juzi aiweke hapa, ili tujue kama "malihso" ilianzia huko.