Tumwachie Mungu, au tumuulize dereva?

Mjomba wa Kahama:
Wakuu, wiki mbili zilizopita nimemzika mpwa wangu. Miaka 22, alibakiza muhula mmoja amalize chuo cha uuguzi. Kosta aliyopanda ilipasuka tairi la nyuma saa tatu usiku, ikabiringika mara mbili. Waliopona wanasema tairi lile lilikuwa kipara mpaka waya zinaonekana, na abiria wawili walimwambia kondakta kabla gari halijatoka stendi. Akawajibu, "Pandeni, Mungu yupo."

Makaburini mhubiri akasema kazi ya Mungu haina makosa. Tukaitikia amina, na mimi niliitikia. Usiku ukoo ukakaa. Nikasema kesho naenda polisi kuandikisha maelezo. Shemeji yangu, baba wa marehemu, akaniambia: "Shemeji, tumwachie Mungu. Ukienda utamrudisha?" Wazee wote wakamuunga mkono.

Mimi ni muumini, nasali kila Jumapili. Ila nashindwa kulala. Mungu aliyetajwa na kondakta stendi na Mungu tuliyemwachia makaburini ni yule yule? Kumwachia Mungu ni kufanya nini hasa, ikiwa kuna mtu mwenye leseni na jina lake linajulikana?

Mama Neema:
Pole sana kaka yangu. Bwana akufariji. Shemeji yako hajakosea. Neno linasema umtumaini Bwana kwa moyo wako wote wala usizitegemee akili zako mwenyewe, Methali 3:5. Na kisasi ni cha Bwana. Ukianza mambo ya polisi na mahakama utabeba uchungu miaka na miaka. Mimi nimepita hapo. Nilipoachilia ndipo nilipopata usingizi.

Fundi Gereji:
Mama Neema, kwa heshima zote: tairi halipasuliwi na Bwana. Kipara kikipata joto na mzigo kinapasuka, hata dereva awe askofu. Kila wiki naletewa magari, namwambia mwenyewe hili tairi limekwisha, ananijibu "linasogea kidogo, Mungu atatangulia." Mungu atangulie wakati wewe umekataa kutoa hela ya tairi?

Lakini sishangai. Ndiyo nchi hii hii iliyopanga foleni Loliondo, kwa yule mchungaji aliyeitwa Babu, kunywa kikombe cha maji ya mizizi kwa buku. Watu wazima, wengine na digrii zao. Mazuzu matupu.

Binti Mwalimu:
Fundi, futa hilo neno.

Kwanza haikuwa buku, ilikuwa jero. Shilingi 500, na kikombe ulikinywa pale pale kijijini Samunge kwa mkono wa Babu, huruhusiwi kukibeba. Najua kwa sababu Machi 2011 nilikuwa kwenye Landrova pamoja na baba yangu, njia ya Mto wa Mbu mpaka Engare Sero, tukalala garini usiku tatu.

Baba yangu alifundisha hisabati miaka 31. Alikuwa na saratani ya koo, na hospitali ilikwishatuambia tumpeleke nyumbani. Siku moja kabla ya safari aliketi na kalamu akapiga hesabu: nauli, chakula, jero ya dawa. Akaniambia, "Mwanangu, dawa isipofanya kazi tumepoteza nauli. Ikifanya, nimepata uhai. Wewe ungeamuaje?" Hiyo ni akili ya zuzu?

Alifariki Mei. Hakupona, sisemi alipona. Nasema usimtukane.

Fundi Gereji:
Pole dada. Baba yako sikumjua. Ila jirani yangu alikuwa anatumia ARV. Alikunywa kikombe, akarudi anaimba, vidonge akavitupa chooni mbele ya mkewe. Wa kwake huyo nani atamlilia? Ukimpigia hesabu ya mtu aliyeambiwa hakuna tiba, sawa. Huyu alikuwa nayo mkononi.

Binti Mwalimu:
Basi sema hivyo. Hukusema jirani yako, ulisema mazuzu, ukatuingiza sote.

Ustadhi wa Pangani:
Ndugu zangu, turudi kwa mwenye msiba. Mjomba, Mwenyezi Mungu akupe subira. Mtume alipoulizwa na bwana mmoja, nimfunge ngamia wangu nitawakali, yaani nimtegemee Mungu, au nimwache nitawakali, alimjibu: mfunge, kisha utawakali. Na Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Shamu akasikia kuna tauni, aligeuza msafara. Abu Ubayda akamuuliza, unaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Akamjibu: naam, tunakimbia kutoka kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kadari ya Mwenyezi Mungu. Yaani tairi zima nalo ni kadari. Polisi nao ni kadari. Yule kondakta hakutawakali, alimwacha ngamia bila kamba akamsingizia Mola.

Kwa hili sisi dini yetu iko wazi, ndiyo maana hatuna hayo mambo ya vikombe.

Kijana wa Makorora:
Shehe, mimi ni mtoto wa Tanga, Muislamu mwenzako. Huna kikombe, na kombe je? Nani hapa pwani hajanyweshwa kombe, aya zimeandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikasuuzwa, ukaambiwa nywa? Kombe na kikombe ni mtu na mdogo wake.

Ustadhi wa Pangani:
Kijana, usifananishe. Kombe ni Qur'ani, shifaa imetajwa ndani ya Kitabu chenyewe. Mama yangu Mungu amrehemu alikunywa kombe kila Alhamisi na vidonge vya presha kila asubuhi, na mimi ndiye niliyemnunulia vyote viwili. Hakuna siku nilimwambia acha kimoja.

Kijana wa Makorora:
Na walioenda Samunge wengi walikuwa hivyo hivyo shehe wangu. Huyo Babu, mchungaji mstaafu wa Kilutheri (KKKT), alisema ameoteshwa na Mungu, watu wakasali, wakanywa, wakarudi kliniki. Nyumba ya jirani ikivuja unaona kwa haraka.

Ustadhi wa Pangani:
Nimekusikia. Neno "hatuna" nimelirefusha. Lakini kombe na ule mti wa mugariga wa dawa ya Babu haviko sawa, hapo sitoki.

Nesi Mstaafu:
Nimesoma kimya, sasa niseme. Mwaka ule nilikuwa wodi ya wanawake. Wagonjwa walikuwa wanasaini kutoka kwa hiari yao wenyewe, wengine na dripu bado mkononi. Serikali iliposema wagonjwa wasitolewe wodini kupelekwa Loliondo, wengi walikuwa wameshaondoka, na wapo waliofia kwenye foleni. Mama mmoja wa sukari aliacha insulini siku ya safari. Si Babu aliyemwambia. Ni abiria wenzake ndani ya basi, kwamba kuchanganya ni kukosa imani. Alirudishwa kwetu kwenye blanketi, wakimshika ncha nne.

Lakini Fundi, sisi tuliovaa nyeupe tulichangia. Mara ngapi tulimwambia mtu "hakuna la kufanya" tukiwa tumesimama mlangoni, dakika mbili, foleni nyuma yetu ndefu? Babu aliwashika mkono. Mgonjwa anakwenda anakoshikwa mkono.

Na kwa Mama Neema: someni Isaya 38. Hezekia aliomba, akalia, akaongezewa miaka 15 na Mungu mwenyewe. Baada ya ahadi hiyo, nabii bado akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Sura hiyo niliibandika ukutani kwenye chumba cha sindano.

Mama Neema:
Dada nesi, naijua hiyo sura. Na mfalme Asa, 2 Mambo ya Nyakati 16, ugonjwa ulimzidi akawatafuta waganga asimtafute Bwana. Zote ziko kwenye Biblia moja. Sijasema mtu asimeze dawa, mimi mwenyewe nameza. Kila anayemtaja Mungu humu anaonekana hana akili.

Fundi Gereji:
Mama, wewe ni rahisi kusema achilia. Hukuzika.

Mama Neema:
Nilizika. Tena nilizika bila mwili.

Kaka yangu alipanda MV Bukoba pale Kemondo. Tarehe 21 Mei 1996, Mwanza inakaribia. Meli ya watu 430. Hesabu ya serikali waliokufa ni 894, na sisi tuliosimama ufukweni hatukuiamini hata hiyo. Iligeuka juu chini, watu wakawa wanagonga kutoka ndani. Ikatobolewa ili watolewe, hewa ikatoka, ikazama moja kwa moja. Mpaka leo sijui niwaite nini waliotoboa. Hawakuwa wabaya. Walitaka kuokoa.

Nilimwachia Mungu, Fundi, kwa sababu hakuna mwingine aliyebaki wa kuachiwa. Nilizunguka ofisi miaka miwili. Kila meza inanipa pole na kunielekeza meza nyingine. Siku niliyopiga magoti nikasema Baba, hii ni yako, ndiyo siku niliyoanza kula tena. Usiniambie ile ilikuwa ujinga.

Fundi Gereji:
Naomba radhi mama yangu. Kweli kabisa. Sikujua.

Kijana wa Makorora:
Mama, pole. Ila nina swali na nakuuliza kwa adabu. Mwaka 2018, miaka 22 baada ya Bukoba, kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria lile lile. Uwezo watu 101, waliokufa zaidi ya 220. Fundi wa kivuko alikutwa hai ndani baada ya siku mbili, wote tukasema Mungu mkubwa, na mimi nilisema. Je, kama 1996 tungemwachia Mungu marehemu, halafu wale wa kwenye meza tusiwaachie?

Mama Neema:
Ndiyo maana nilizunguka miaka miwili, mwanangu. Unadhani nilizunguka kwa kuwa nilikosa imani?

Kijana wa Makorora:
Sikumaanisha hivyo.

Binti Mwalimu:
Mada ilikuwa Kosta. Mjomba yuko wapi?

Mjomba wa Kahama:
Nipo, nawasoma tangu jana. Mama Neema, umeniliza. Leo asubuhi nimekwenda kituoni, nimeandika maelezo kurasa mbili. Nimemtaja kondakta na yale maneno yake. Shemeji kapata habari kabla sijafika nyumbani. Ameniambia nimemtoa mtoto wake kaburini. Simu yangu hapokei.

Sikujua nimjibu nini, na bado sijui.

Mama Neema:
Usimjibu leo. Kesho nenda ukakae naye tu. Usilete habari za polisi wala maandiko, hata yangu. Nenda na sukari na majani ya chai.

Fundi Gereji:
Na gari lenyewe liko wapi? Kama bado liko uani kwa polisi, piga picha lile tairi kabla ya kesho jioni. Piga ubavuni, pale zilipo tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Piga na pale waya zilipotokeza. Matairi yana tabia ya kubadilishwa usiku. Nitumie, nitakuandikia nilichokiona na nitasaini jina langu.