Kampuni yetu ina watu sita tu: je, sheria ya data inatuhusu?

Mwanzilishi_Donholm
Habari zenu. Mimi na wenzangu watano tunaendesha programu ya simu inayowawezesha wazazi wa Donholm na Embakasi, hapa Nairobi, kufuatilia magari yanayowapeleka watoto wao shuleni. Tunahifadhi jina la mtoto, mahali anapochukuliwa na nambari za simu za wazazi. Mhasibu wetu anasema kwamba, kwa kuwa mapato yetu ya mwaka hayafiki shilingi milioni 5 na wafanyakazi hawafiki 10, sheria imetusamehe. Je, ni kweli?

Wakili_UpperHill
Ndugu, mhasibu wako ameisoma kanuni akaishia katikati. Msamaha huo, uliomo katika Kanuni za Usajili za 2021, ni wa kujisajili kwa Kamishna wa Data tu. Masharti mengine ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 yanamfunga hata mwenye mteja mmoja. Tena kanuni hizo hizo zinataja shughuli zisizosamehewa hata zikiwa ndogo kiasi gani, na huduma za usafiri zimo, pamoja na afya na elimu, nami sioni mtakavyojitoa humo. Jisajilini; cheti hudumu miezi 24. Linalonitia wasiwasi zaidi ni watoto, kwa sababu kifungu cha 33 kinadai idhini ya mzazi au mlezi, na siku mtakapoulizwa ni ninyi mtakaotakiwa kuithibitisha.

Fundi_wa_Kilimani
Naafikiana na wakili, ila cheti ndicho chepesi. Sisi tuliandika sera ya faragha ya kupendeza, kisha tukagundua kwamba orodha kamili ya wateja ilikuwa ikizunguka kwenye simu ya kijana aliyekwisha kuacha kazi. Data ikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mtu, una saa 72 tangu ujue kumwarifu Kamishna, nazo huisha ukiwa bado unaulizia nani alibaki na nakala. Anzeni kwa kuandika kila mahali jina la mtoto linapopita, kuanzia fomu ya mzazi hadi simu ya dereva.

Mwanzilishi_Donholm
Asanteni. Majina ya watoto wa kuchukuliwa huwa tunayatuma kila asubuhi katika kundi la WhatsApp la madereva. Nimelifungua sasa hivi: tuna magari 7 na madereva 7, lakini kundi lina watu 11.