Zimebaki siku 17 za masomo na nguvu zimeniishia. Mnamalizaje mwaka?

Mwalimu wa la Nne

Walimu wenzangu, habari za kazi. Tangu zilipobaki siku 40 kufunga shule, kila asubuhi naandika namba kwa chaki kwenye kona ya juu ya ubao, upande wa dirishani. Niliwaambia watoto ni ya kutukumbusha muda wa kurudia mada. Kusema kweli nilikuwa najiandikia mwenyewe.

Nina watoto 46 na masomo matatu ya kusahihisha. Rundo la karatasi liko mezani nyumbani limefungwa kwa kamba. Nikilifungua nasahihisha nne, halafu herufi zinaanza kuchezacheza. Sauti imekauka wiki ya pili sasa. Juzi nilimfokea mtoto kwa kudondosha rula. Rula tu! Alipoinama kuiokota, mkono ulikuwa unamtetemeka.

Jana nilipofuta 18... nilipoandika 18, msichana wa dawati la mbele akaniuliza taratibu, "Mwalimu, ikifika sifuri utafurahi kwa sababu hutatuona?" Nikakosa la kusema. Nikamwambia afungue kitabu.

Leo sikuandika kitu. Nawapenda watoto hawa, ila uchovu umeniingia mpaka kwenye mifupa. Nifanyeje nisiwamalizie hasira? Na hiyo namba, niirudishe au niiache?

Kalamu Nyekundu

Pole sana mwenzangu. Nianze na rundo, maana ndilo linalokula usiku wako. Usisahihishe karatasi moja toka mwanzo hadi mwisho. Chukua swali la 1 kwa watoto wote 46, kisha la 2, hivyo hivyo. Jibu linakaa kichwani, hurudi kwenye mwongozo kila dakika. Na kuna haki ndani yake: aliyeboronga swali la kwanza hahukumiwi nalo kwenye la kumi, kwa sababu wakati huo hukumbuki tena. Kila ukimaliza swali, changanya karatasi, la sivyo watoto wale wale watakuwa wa mwisho kila mara, wakati jicho limechoka.

Mimi saa tatu usiku kalamu inakaa chini hata likibaki swali moja. Makosa yangu ya kujumlisha karibu yote niliyafanya baada ya saa hiyo.

Nimerudi Darasani

Mimi nilipuuza uchovu kama huu. Likizo ikaja ikaisha, na siku ya kufungua shule nilisimama nje ya lango miguu ikakataa kuingia. Ndipo nikaenda kwa daktari.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lililieleza jambo hili kwenye toleo la 11 la uainishaji wake wa magonjwa. Halikuliita ugonjwa, lilisema ni hali itokanayo na msongo wa kazi uliodumu bila kudhibitiwa, na likataja mambo matatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na kuona huwezi tena kuifanya ipasavyo. La kwanza unalo. La pili silioni kwako, maana aliyeacha kujali hakosi usingizi kwa ajili ya rula. Ila ukipumzika likizo nzima na bado ukawa hivi, usijifungie nalo, tafuta msaada.

Na sauti: usinong'one ukidhani unaipumzisha, kunong'ona nako kunachosha koo. Ikipita wiki tatu, kaonane na daktari.

Bibi wa Ubao

Mwanangu, nimefundisha miaka 31. Mtoto huyo hakuwa anakulaumu. Wapo watoto ambao shuleni ndiko siku yao ina mpangilio: kengele, dawati lake, mtu anayemwita kwa jina. Kwao kufunga shule si furaha tupu. Nilikuwa na mvulana ambaye kila ikikaribia likizo anapigana na kuchana madaftari. Nilimwadhibu sana, na hilo linaniuma mpaka leo. Mwaka wa mwisho nikampa kazi ya kuhesabu vitabu vya darasa pamoja nami kila mchana. Aliandika namba ndani ya kila jalada kwa penseli, polepole mno, ili vitabu visiishe. Hapo ndipo nilipomwelewa.

Namba irudishe, ila iwe yao. Kesho zitabaki 16. Chini ya namba andika majina ya watoto watatu, na kabla ya kutoka mwambie kila mmoja jambo moja uliloliona kwake mwaka huu, la kweli, dogo. Siku 15 ni watoto 45. Siku ya mwisho atabaki mmoja.

Na wa rula mwombe radhi, mbele ya wenzake, kwa sababu ulimfokea mbele yao.

Mwalimu wa la Nne

Shikamoo Bibi. Ahsanteni nyote.

Nimemwomba radhi leo asubuhi. Akasema "haya mwalimu", akaitoa rula mfukoni akaiweka juu ya dawati. Sikujua kwamba tangu siku ile alikuwa anaificha.

Namba 16 iko ubaoni na majina matatu, la kwake ni la kwanza. Kusahihisha swali kwa swali kumenifikisha nusu ya somo moja usiku wa jana. Jina la siku ya mwisho nimeshalichagua, ni la yule wa dawati la mbele.