Pasaka Pangani na mbwa wawili, na masika ndiyo hiyo: tujiandae vipi?

ShantyTown_Moshi
Habari za jioni wakuu. Tunaondoka Moshi Alhamisi Kuu kwenda Pangani, siku sita, nyumba ya kupanga karibu na ufukwe. Tuko watu wazima watatu, watoto wawili (miaka 4 na 9) na mbwa wawili: jemani shepadi wa kilo 32 na wa kienyeji wa kilo 18. Hatuna wa kuwaachia. Zimebaki wiki tano. Mwenye nyumba kawakubali mbwa, ila katuonya kwamba mvua ya huko mwezi wa nne haina mchezo. Naomba kujua chanjo na vibali vinavyohitajika, njiani tupumzike vipi, na mvua ikinyesha kutwa tuishi nao vipi bila wao wala watoto kuugua. Natanguliza shukrani.

VetiKaskazini
Dada, wiki tano zinatosha ukianza wiki hii. Chanjo ya kichaa cha mbwa kama imepita mwaka, wachanjwe sasa, maana kinga huchukua wiki tatu hadi nne kukomaa. Kadi iwe na tarehe na muhuri. Kwa kadi hiyo utamwendea daktari wa mifugo wa halmashauri akuandikie kibali cha kusafirisha wanyama. Kiombe siku chache kabla ya safari, kisije kikaisha muda mkiwa bado huko.

Chanjo inayosahaulika ni ya leptospira, yaani homa ya mgunda, ile iliyotikisa Lindi mwaka 2022. Panya anakojoa, mvua inausambaza mkojo kwenye madimbwi, mbwa anakunywa au anapita na kidonda mguuni. Akishaambukizwa, naye anautoa ugonjwa kwa mkojo wake humohumo mnamolala na watoto. Kama hawajawahi kuipata ni sindano mbili: moja wiki hii, ya pili baada ya wiki tatu. Kwenye chupa ya chanjo ya mchanganyiko tafuta herufi L. Kama haipo, homa ya mgunda haimo.

Kuhusu minyoo, naomba usome mara mbili kwa sababu una mtoto wa miaka 4. Mayai ya safura ya mbwa yakianguka kwenye mchanga wenye joto na unyevu huanguliwa ndani ya siku moja au mbili, na baada ya kama wiki minyoo hiyo michanga inaweza kupenya ngozi ya binadamu. Mtoto aliyekaa hapo na kaptula anatokwa na mstari mwekundu unaowasha, unaotambaa kidogo kidogo chini ya ngozi ya paja au wayo. Jua kali likikausha mchanga minyoo hufa. Masika yanailinda. Kwa hiyo watoto wachezee mchanga ule unaooshwa na maji kujaa kila siku, wasichezee ule laini wa juu chini ya minazi, ambako mbwa wa mtaa mzima wanajisaidia. Wenu wakijisaidia, zoa papo hapo kwa mfuko. Wape vidonge vyenye praziquantel, pyrantel na febantel siku 14 kabla ya safari, kimoja kwa kila kilo 10: shepadi vitatu na nusu, wa kienyeji viwili.

Dereva_wa_Himo
Moshi hadi Pangani kupitia Tanga mjini ni kama kilomita 400. Mkitoka saa 11 alfajiri, mbwa wale mara ya mwisho saa 2 usiku, la sivyo watatapika kabla ya Same. Maji wapewe kidogo kidogo. Simameni kila saa mbili, wakiwa kwenye kamba tangu kabla mlango haujafunguliwa, maana mabasi ya barabara ile hayasubiri mtu. Gari lililoegeshwa juani, nje ikiwa nyuzi 30, hupita 40 ndani ya dakika 20 hivi, kwa hiyo mkila Mombo mmoja wenu abaki nao kivulini.

Msishawishike kukatiza Mkomazi wala kwenda kutembea Saadani. Mbwa hawaruhusiwi hifadhi za taifa, na sababu ni ya kweli: mwaka 1994 virusi vya distempa, ugonjwa wa mbwa, viliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti.

Makorongo yanayoshuka milima ya Pare yakivuka lami, subirini. Maji ya sentimita 30 yenye kasi yanaweza kuinua gari dogo. Na Muheza msikate moja kwa moja kwenda Pangani mvua ikinyesha, udongo ule mwekundu unateleza kama sabuni. Pitieni Tanga mjini.

Mwana_wa_Pangani
Karibuni sana. Nianze na jambo ambalo wageni wa bara hawaambiwi. Wengi wetu huku ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii. Mbwa mkavu akimgusa mtu mkavu hakuna neno. Mbwa aliyelowa ni shida: akijikung'uta karibu na mtu aendaye msikitini, kile kilichorushiwa maji kinatakiwa kioshwe mara saba, moja kwa udongo. Wakati wa mvua basi, kamba iwe fupi njiani, msipite nao visimani wala panapoanikwa dagaa, na dada wa kazi wa pale nyumbani asiombwe kuwaogesha wala kuosha vyombo vyao. Mkifanya hivyo mtapokelewa vizuri mno.

Bahari ya masika ina mawimbi, na mto unamwaga tope na magogo. Mbwa waogelee mbali na mlango wa mto. Siku za bamvua (mwezi mwandamo na mwezi mpevu) maji hutoka mbali sana na kurudi haraka, muulizeni mvuvi saa za kupwa. Kila siku zinasogea mbele kama dakika 50.

Kikubwa kuliko vyote ni bunju. Baada ya dhoruba hutupwa ufukweni: samaki mviringo, ngozi ngumu yenye vijimiba, meno kama mdomo wa kasuku. Akikauka anafanana na mpira mdogo, na mbwa anamchukulia hivyo hivyo. Sumu yake haiishi kwa kukauka wala kwa kupikwa, na haina dawa ya kuiondoa. Mbwa huanza kutoka mate, anatapika, miguu ya nyuma inalegea, kisha kupumua kunasimama. Asubuhi mtu mzima atangulie kukagua ufukwe kabla ya kuwafungulia.

Na upande wa kusini mwa mto kuna mbung'o, wanaoambukiza mifugo na mbwa ugonjwa wa nagana. Ranchi ya ng'ombe ya Mkwaja ilifungwa mwaka 2000, nao walichangia sana. Vioo vya gari juu. Mbwa akiwa na homa na jicho lenye ukungu wa buluu baada ya kurudi, mwambieni daktari kwamba alikuwa Pangani.

ShantyTown_Moshi
Asanteni sana. Mawili tu: shepadi manyoya yake hayakauki, na wa kienyeji ana kupe. Naweza kutumia dawa ya kuogesha ng'ombe?

VetiKaskazini
Inategemea ni ipi. Amitraz ya 12.5% inafaa: mililita 2 kwa lita 1 ya maji, aogeshwe akiwa mkavu, bila kusuuzwa, akaukie hewani mahali asipoweza kujilamba. Fanya siku tatu kabla ya safari, maana akilowa mvua siku hiyohiyo dawa imekwenda na maji. Chupa iliyoandikwa chlorfenvinphos usiiguse, ni sumu kali.

Shepadi ana manyoya ya tabaka mbili. La juu linakauka, la chini linabaki na chumvi na maji, na kesho yake unakuta kidonda chekundu chenye majimaji kwenye paja au shingoni. Akitoka baharini mmwagie maji yasiyo na chumvi hadi ukilamba kidole usisikie chumvi, kisha kamua kwa taulo ukibana, usisugue. Taulo mbili za mtumba kwa kila mbwa. Mvue mkanda wa shingo, pangusa makwapa, kinena na katikati ya vidole, halafu alale barazani kwenye upepo, juu ya kichanja au godoro la mpira, asilale kwenye saruji yenye unyevu. Maji ya kunywa bebeni dumu la lita 20 kutoka Tanga mjini, kwa kuwa visima vya pwani vingi vina chumvi. Shepadi atahitaji lita 3 kwa siku mkiwa ufukweni. Akianza kunywa ya bahari, mwondoe na umpe safi, na akiharisha zaidi ya siku moja tafuteni daktari. Diclofenac na ibuprofen za kwenye begi la familia asipewe hata nusu kidonge.